Nusu na Treni ya Majini

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Nusu, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alijifunza ushonaji, akaachia kwenye kola. Alijiunga na kwaya, akatoka kabla hawajapanda jukwaani hata mara moja. Alianza kupaka rangi chumba cha kulala, na mpaka leo ukuta mmoja ni wa samawati na mitatu ina rangi yake ya zamani. Mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu, kila akirudi huutazama ukuta ule kisha huvua viatu. Mwenyewe Nusu hakuona kama anaacha mambo. Aliona mambo ndiyo yanaisha utamu, na mtu mwenye akili zake haendelei kutafuna chingamu iliyoisha sukari.

Kazi moja tu hakuiacha, nayo ni udobi. Alifanya kazi nyuma ya hoteli moja kubwa, katika chumba kirefu kisicho na dirisha la maana, mashine zinanguruma upande huu, meza za pasi upande ule, na mvuke umetanda mpaka miwani ya msimamizi haimsaidii kitu. Kazi ile alielewana nayo kwa sababu haikumtaka akae. Shuka linakuja, linanyooshwa, linakunjwa pembe kwa pembe, linaondoka, linakuja jingine. Alipiga pasi macho yakiwa mlangoni, akijua nani kaingia, nani katoka, gari la nguo chafu limefika au bado. Wenzake walisema ukitaka habari za jengo zima huna haja ya kutoka, muulize Nusu.

Nyumbani alikuwa vilevile, kiguu na njia. Chai aliinywa amesimama: funda moja jikoni, funda dirishani, la mwisho mlangoni akichungulia nani anapita. Binti yake wa pekee, aliyekuwa akisomea uuguzi, darasani na wodini, amekua akizungumza na mgongo wa mama yake. Ukianza kumweleza jambo sebuleni, utaendelea nalo jikoni, na kama ni refu utamfuata nalo mpaka kwenye kamba ya nguo. Wengi walikata tamaa kabla ya kufika kwenye kamba.

Basi binti huyo akarudi nyumbani katikati ya muhula, na begi lake lote, akasema harudi tena chuoni. Sababu ya kueleweka hakutoa. Alisema amechoka, kazi ile si yake, na kuna duka la simu linamtaka. Nusu alipandwa na hasira, akaanza kuizunguka meza huku akimwaga maneno: jikaze, vumilia, umebakiza kidogo, mtu haachi kitu njiani. Binti alimsikiliza mpaka pumzi zikamwishia.

“Mama,” akasema, “wewe umewahi kumaliza nini?”

Nusu alifungua mdomo ataje kitu. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi na ule ukuta wa samawati unaonekana wote. Lilimchoma lile swali, tena lilimchoma zaidi kwa kuwa mtoto hakuliuliza kwa nia ya kumtukana. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Wakati huo Nusu alikuwa ameshaburuzwa na wifi yake kwenye mazoezi ya kuogelea ya wanawake waliokuwa wakijiandaa na triathloni ya wanaoanza. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, yote hayo mtu mmoja, siku moja, na hakuna aliyekulazimisha. Wifi huyo, mke wa kaka yake, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kukatia mabati. Baiskeli hakuna aliyeiogopa. Mbio nazo, hata ukitembea utafika. Maji ndiyo yaliyokuwa mtihani. Kocha alishawaambia kwamba mwisho wa mazoezi watapelekwa ziwani, na atakayezunguka boya na kurudi nchi kavu bila kupakiwa kwenye mtumbwi, huyo ndiye atakayeshiriki. Wengine watashangilia.

“Nikilizunguka lile boya bila kubebwa,” Nusu akamwambia binti yake, “unarudi chuo.”

Binti alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu alete begi lake.

“Sawa, Mama. Nimekubali.”

Alikubali upesi mno, ila Nusu hakuligundua hilo, maana alikuwa ameshafika jikoni.

Bwawa lenyewe lilikuwa nyuma ya ukumbi wa michezo, na Jumamosi asubuhi lilikuwa la wanawake peke yao. Vigae vimebanduka hapa na pale, klorini inawasha macho, makabati hayafungi, na kuna benchi moja refu la kuvalia. Wiki za mwanzo walivaa wakiwa wameelekea ukutani, kila mmoja kajificha nyuma ya taulo lake. Baadaye aibu iliisha, wakawa wanavaa huku wanapiga soga, mguu mmoja ndani ya vazi, mwingine bado uko kwenye habari. Kofia za mpira ziling’oa nywele na kuvuta nyusi juu, kiasi kwamba wote walionekana wameshtushwa na jambo. Wifi alipojitazama kwenye kioo alisema anafanana na yai la kuchemsha lililokumbuka deni.

Kocha alikuwa msichana mwembamba mwenye filimbi, kwa umri angeweza kuwa mtoto wa yeyote kati yao. Aliwaita wote “mama,” kwa adabu kabisa, halafu akawaamrisha bila huruma. Somo la kwanza lilikuwa kuelea. Alisema mwili ukiuacha, maji yataubeba, basi, hakuna siri nyingine. Wanawake wakajilaza mmoja mmoja na kweli maji yakawabeba. Wifi, na ukubwa wake wote aliouonea fahari, alielea kama yuko sebuleni kwake, akaanza kusimulia mteja aliyerudisha misumari kwa madai kwamba imepinda. Nusu alizama. Hakuweza kuuacha mwili. Kila alipolala, shingo ilitaka kujua nani anaingia mlangoni, mkono ukakumbuka kitu, na mguu ukaenda zake. Kocha alimshika mgongo kwa kiganja na kumwambia atulie, na Nusu akamjibu kwamba ametulia, huku anatapatapa.

Kilichowatoa woga wanawake wale ni treni. Kocha aligundua kuwa hawaogopi maji sana kama wanavyoogopa kuwa peke yao ndani ya maji, hivyo akawapanga mstari. Mbele alimweka mwalimu wa hesabu, mwanamke mnyoofu katika kila jambo, aliyeogelea pasipo kuyumba. Nyuma yake mwingine, vidole vyake karibu na nyayo za aliyemtangulia, na nyuma yake mwingine, hadi mwisho. Ukizigusa nyayo ujue uko njiani. Kichwa ni marufuku kuinuliwa, kwa sababu ukikiinua miguu inazama na wa nyuma anakuvaa. Huna haja ya kutazama unakokwenda, kocha alisema. Mwalimu anatazama kwa niaba ya wote.

Na treni ilikwenda. Watu ambao juzi walikuwa wameng’ang’ania ukingo kama kupe sasa walikata bwawa, wakageuka, wakarudi. Nusu aliwekwa mwisho kabisa, nyuma ya Wifi, kwa sababu popote pengine alipowekwa aliwaangusha wenzake. Alizijua nyayo za Wifi kuliko alivyozijua zake: kisigino kikavu, kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Akili yake haikuweza. Alijiuliza kama pasi ameizima. Alijiuliza mlango ule umefunguliwa na nani. Akainua kichwa atazame, na filimbi ikalia.

“Mama wa mwisho, kichwa.”

Hakuna Jumamosi iliyopita bila ya kusikia maneno hayo, na hakuna Jumamosi ambayo hakutamani kuacha. Haikuwa woga. Watu walidhani ni woga naye akawaacha wadhani hivyo, maana woga una heshima yake. Ilikuwa ni ule mwasho wa siku zote unaoanzia kwenye magoti na kupanda, unaosema hapa imetosha, ondoka, kuna kitu kingine mahali pengine. Mara moja aliutii. Katikati ya mazoezi alitoka majini, akavaa nguo juu ya mwili uliolowa, akaenda nyumbani. Binti yake alikuwa sebuleni. Aliinua macho kutoka kwenye simu, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo Nusu hakuipenda.

“Umeacha?” aliuliza.

“Nimesahau taulo,” Nusu alisema. Alichukua taulo, akalibana kwapani karibu na mkoba uliokuwa na taulo jingine bichi ndani yake, akarudi bwawani. Njia nzima aliwaza ule uso. Alijiambia mtoto anafurahi kumcheka mama yake, na wazo hilo likamtia nguvu ya hasira iliyomfikisha hadi siku ya ziwa.

Siku hiyo walikwenda na gari la Wifi la kubebea mabati, wamekaa nyuma juu ya magunia matupu, kofia zao mapajani. Binti alikuja pia. Alisema anataka kuona kwa macho yake, na hakuna aliyeona ubaya, akapewa kazi ya kushika mataulo. Njiani wanawake walitaniana kupita kiasi, kama watu wanaokwenda kung’olewa meno. Walipoliona ziwa wakaanza kuvaa kofia. Halikuwa kubwa, lakini maji yalikuwa ya rangi ya chai, na huoni mguu wako ukishapita goti. Kule mbali boya la rangi ya machungwa lilikuwa linacheza. Mzee mwenye mtumbwi alikuwa anawangoja, kasia limelala mapajani, na uso wake ulisema kwamba ameshaona mengi ila hili bado.

Kocha aliwapanga treni kama kawaida. Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakuna aliyejua wakati ule. Bwawani kuna ukuta, na kuna mstari mweusi chini unaokuongoza. Ziwani hakuna ukuta wala mstari. Kuna mwalimu wa hesabu tu.

Waliingia. Baridi ilimkaba Nusu kifua, majani ya majini yakampapasa tumbo, na alipoweka uso ndani hakuona kitu isipokuwa mapovu ya Wifi. Alizigusa nyayo. Zipo. Akavuta mikono, akageuka kupumua, akavuta tena. Hapakuwa na mlango wa kutazama wala saa ya ukutani. Mwasho wenyewe ukaanza mapema kuliko alivyotegemea. Alivumilia kidogo, halafu, kwa mazoea yake mabaya, akainua kichwa.

Boya lilikuwa kushoto. Treni ilikuwa inakwenda kulia.

Alipangusa maji machoni akatazama tena. Upande wa kulia, karibu na matete, palikuwa na kidumu cha njano kinachoelea, ambacho mkulima fulani alikifunga kwenye bomba lake la kuvutia maji ili asilipoteze. Mwalimu alikuwa ameona kitu cha rangi kikielea na akakielekea kwa imani timamu, mnyoofu kama rula, na wanawake wote wakamfuata, vidole nyayoni, vichwa chini, kama walivyofundishwa. Nusu alipiga kelele. Masikio yao yalikuwa ndani ya maji. Alimshika Wifi kifundo cha mguu na kukivuta, na Wifi, akidhani anaharakishwa, akapiga teke la nguvu na kuongeza mwendo.

Ufukweni filimbi ya kocha ililia hadi ikakauka. Mzee wa mtumbwi alisimama, akatazama, akatikisa kichwa, kisha akapiga kasia kuelekea kwenye matete kuwahi treni isiingie kwenye tope. Nusu akabaki peke yake katikati ya ziwa, mtumbwi nyuma yake, boya mbele.

Angeweza kuwafuata. Huko kulikuwa na wenzake, kulikuwa na mtumbwi, na pangekuwa na kicheko kikubwa mwisho wake, na hakuna ambaye angemlaumu mtu mmoja kwa kosa la treni nzima. Ilikuwa njia ya kuacha iliyo safi kuliko zote alizowahi kupewa. Mwasho ulimpanda mpaka mabegani. Imetosha, ulisema, na Nusu aliijua sauti hiyo kama anavyoijua sauti yake mwenyewe. Akilini akamwona binti yake amesimama nyuma ya kaunta ya duka la simu, anafuta kioo cha simu ya mtu. Akaweka uso ndani ya maji.

Kuogelea kwake hakukuwa kwa kutazamika. Alivuta, akainua kichwa, akaona amepinda, akajinyoosha, akapinda upande wa pili. Alikunywa maji ya ziwa. Alimtukana kocha na Wifi, na alimtukana mkulima na kidumu chake. Alipolifikia boya lilikuwa na utelezi wa mwani, akalipiga kofi kama mtu anayempiga mwenziwe begani, akalizunguka. Safari ya kurudi hakuikumbuka vizuri baadaye, ila jambo moja, kwamba hakuna mahali alipotaka kwenda isipokuwa pale alipokuwa anakwenda.

Alitoka kwa magoti na viganja. Kule kwenye matete vicheko vilikuwa vimeanza, na Wifi alisikika akiuliza nani kaweka kidumu kwenye mashindano ya watu. Kocha alikuwa ameshakimbilia huko. Aliyebaki ufukweni alikuwa binti peke yake, amelikumbatia taulo. Nusu alinyoosha mkono apewe, anacheka, anatweta, maneno ya ushindi yamejipanga mdomoni.

Binti hakumpa. Alikuwa analia.

“Nilikuwa nakuombea ushindwe,” alisema.

Nusu alikaa chini, si kwa kutaka, miguu ilikataa. Binti akasema kwamba alikubali yale masharti kwa kuwa alikuwa na hakika mama yake ataacha. Kwamba kila Jumamosi alingoja mlango ufunguke mapema. Kwamba sasa ameahidi na atarudi chuoni, yasiwe maneno. Alisema yote hayo bila kumtazama, na mikono yake ilikuwa inalikunja taulo na kulikunjua. Nusu aliona kwamba mikono ile haikuwa imetulia tangu siku ya begi, na yeye alikuwa amedhani ni uvivu tu.

“Hilo la kurudi liache kwanza,” alisema. “Huko wodini kulitokea nini?”

Binti alikaa, akachora kwa kidole kwenye mchanga, akafuta. Palikuwa na mzee mmoja mgonjwa, alisema hatimaye, wa kitanda cha karibu na dirisha. Wauguzi walikuwa wachache, akaachiwa yeye. Mzee alimshika mkono, akamwomba asiondoke mpaka mwanawe afike. Si kazi ngumu, kukaa tu. Akakaa. Baadaye magoti yakaanza kumwasha, akajiambia anakwenda mara moja kutazama dripu ya kitanda cha pili. Kutoka hapo akanyoosha shuka la mtu, akapeleka beseni, akasimama dirishani. Aliporudi mzee alikuwa amekufa, na ule mkono ulikuwa unaning’inia nje ya kitanda. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna hata aliyejua.

“Siwezi kukaa, Mama,” alisema. “Nimechukua kwako.”

Nusu aliivua kofia ya mpira, ikaanguka mchangani.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilianza. Siku ile ile niliyorudi, na kesho yake, na mara nyingine. Ulikuwa unaondoka.”

Mwili wote wa Nusu ukataka kusimama: akamtafutie mtoto kitu cha moto, akachukue taulo jingine garini, akawatazame wenzake, chochote chenye mwendo. Alikuwa na aibu, na aibu siku zote ilimwingia miguuni. Alichimbia vidole vyake mchangani.

Treni ilirudi kwa kufuata ufuko, wanawake wamejaa tope hadi magotini, wamechoka kwa kucheka. Mwalimu wa hesabu alikuja nyuma kabisa, hacheki. Kocha alisema mzunguko ule haukuwa mzunguko, wote wanarudia sasa hivi kabla mwili haujapoa, na safari hii wataongozwa na mtu anayejua njia. Alimwelekezea Nusu filimbi.

“Mama wa mwisho,” alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo Nusu hakuwahi kuisikia kutoka kwake, “njoo mbele.”

Wanawake wakapiga makofi. Wifi akapiga kigelegele. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumweka Nusu mbele ya kitu chochote, na kabla hajafikiri goti lake moja lilikuwa limeshanyanyuka. Binti aliliona. Akajifuta uso kwa ncha ya taulo, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kuachwa, na akamsogezea mama yake kofia iliyokuwa imeanguka.

Nusu alilishusha goti chini.

“Nendeni,” alisema. “Mimi nimekaa.”